Kabla ya Buti, Nunua Siku

Watanzania wanaopanda Kilimanjaro si wachache tena. Wafanyakazi wa ofisi moja, kwaya, marafiki waliomaliza chuo pamoja, mume na mke wanaoadhimisha ndoa yao: kila msimu wamo njiani, na mwaka unapokaribia kwisha huandaliwa misafara ya kufika kileleni tarehe 9 Desemba, kumbukumbu ya Uhuru. Ni jambo la kufurahia sana. Kwa muda mrefu wengi wetu tuliridhika kuutazama mlima huu kwenye kalenda na kupitia dirisha la basi la Arusha, kilele tukawaachia wageni.

Ila mipango ya safari hizi ina kasoro moja inayonisumbua. Fungua kundi la WhatsApp la wanaojiandaa, utakuta mjadala mrefu kuhusu buti, koti, begi, hata rangi ya fulana za kikundi. Swali la siku ngapi za kukaa mlimani hujibiwa kwa sentensi moja: tano zinatosha, likizo yenyewe fupi. Nasema bila kusita kwamba hapo ndipo safari nyingi huharibika, kabla hata geti la Marangu halijaonekana. Siku moja ya ziada mlimani ina faida kuliko kifaa chochote utakachonunua au kukodi, na kwa Mtanzania haina gharama kubwa hivyo.

Oksijeni hewani ni asilimia 21 ukiwa ufukweni Coco, na ni asilimia 21 ukiwa kilele cha Uhuru, mita 5,895. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa. Kule juu umebaki karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari, hivyo kila pumzi unayovuta inaingiza mapafuni karibu nusu tu ya oksijeni uliyoizoea. Mwili unaweza kuikabili hali hiyo, tena kwa ustadi mkubwa, lakini kwa ratiba yake wenyewe. Unajifunza kupumua haraka na kwa kina, mchana na hata usingizini. Figo zinarekebisha kemia ya damu, ndiyo maana mtu anayezoea vizuri hukojoa mara kwa mara. Baadaye, kwa muda wa wiki kadhaa, chembe nyekundu za damu huongezeka. Hakuna mazoezi ya gym yanayoweza kuharakisha hayo. Kijana anayekimbia kilomita kumi kila asubuhi anaweza kulala hoi kambi ya Kibo huku mama wa makamo, aliyetembea taratibu tangu getini, akimpita. Nguvu za kijana zilimfikisha juu kabla mwili wake haujawa tayari kuwa huko.

Wilderness Medical Society, chama cha madaktari wa nyikani chenye makao Marekani, kinashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usilale zaidi ya mita 500 juu ya pale ulipolala jana yake, na kila baada ya siku tatu au nne ukae siku nzima bila kupandisha mahali pa kulala. Ilinganishe kanuni hiyo na ratiba ya siku tano ya njia ya Marangu. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,700 hivi. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu unajinyoosha Kibo, mita 4,700 na ushee, kwa saa chache tu, kisha usiku wa manane unaamshwa kuelekea kileleni. Yaani kuanzia chai ya asubuhi ya Horombo hadi macheo ya kileleni, mtu anapanda zaidi ya mita 2,100 ndani ya saa kama ishirini na nne.

Ratiba ya siku sita inaongeza usiku mmoja, palepale Horombo. Siku hiyo mnatembea asubuhi hadi kwenye miamba yenye mistari ya pundamilia au kuelekea Mawenzi, mnagusa mita 4,000 na zaidi, kisha mnarudi kulala mlipolala jana. Panda juu, lala chini: ndiyo kanuni ya wapanda milima dunia nzima. Njia ya Machame ina kanuni hiyo ndani yake, kwa kuwa kutoka Shira unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 hivi, halafu unateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Hata hivyo wanaokata siku huiruka kambi ya Karanga, wakatoka Barranco hadi kambi ya Barafu kwa siku moja na usiku uleule wakaanza kupanda kilele. Ukichukua Machame, dai usiku wa Karanga. Lemosho, inayoanzia upande wa magharibi, huwa na siku saba au nane, nami naiona ndiyo njia bora kwa anayeweza kupata likizo ya kutosha.

Ratiba fupi zilitoka wapi? Zina historia ya mfuko wa mgeni. Mtalii kutoka Ulaya au Marekani hulipa ada za hifadhi kwa dola, kwa kila siku anayokaa, na siku moja ya ziada humwongezea zaidi ya dola 100 kabla hajalipa mpishi wala mpagazi. Kwake kukata siku kuna hesabu, ingawa ni hesabu mbaya. Mtanzania hulipa kwa shilingi, kwa kiwango cha chini sana kuliko hicho, na raia wa nchi jirani za Afrika Mashariki nao wana nafuu yao. Gharama zinazobaki kwa siku ya ziada ni chakula na ujira wa watu wako. Kwa nini basi tunaiga ratiba iliyobanwa na dola wakati sisi hatulipi dola? Ikikulazimu kuchagua kati ya koti jipya la bei mbaya na siku ya sita, kodi koti.

Historia ya mlima wenyewe inasema hivyohivyo. Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akaishia kwenye barafu. Mwaka 1888 safari yake ilivurugwa na vita vya Abushiri kabla hata hajaufikia mlima. Aliporudi mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria, alibadili jambo moja kubwa: alipanga kambi za kati na chakula kiwe kinapandishwa kutoka Marangu, ili asilazimike kushuka kwa sababu ya njaa. Tarehe 3 Oktoba walifika ukingo wa kreta wakiwa wamechoka kupita kiasi, wakageuka. Wakapumzika, wakasogeza mahali pa kulala karibu zaidi, na tarehe 6 Oktoba wakasimama kileleni. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu anatajwa katika simulizi za Wachaga kuwa ndiye aliyewaongoza. Kama wangekuwa na ratiba ya siku tano, tarehe 3 ingekuwa ndiyo mwisho wao.

Sasa, hata mwenye siku nyingi anaweza kuumwa. Ugonjwa wa mwinuko huanza kama uchovu wa kawaida: kichwa kinauma, chakula hakipiti, kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi wa mang'amung'amu. Ukiwa juu ya mita 2,500 na kichwa kinakuuma, chukulia kuwa ni mwinuko hadi ithibitike vinginevyo, mwambie kiongozi wako, na usipande kulala juu zaidi mpaka dalili ziishe. Tabia yetu ya kujikaza ina hatari hapa. Mtu hataki kuonekana ndiye aliyewachelewesha wenzake, anameza Panadol kimya kimya, anaendelea. Panadol ni sawa kwa maumivu. Kuficha ndiko kunakoua.

Kuna hali mbili ambazo hazingoji asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba: mtu anayumba, anajibu mambo yasiyoulizwa, anakuwa kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole cha mguu wa nyuma. Akishindwa, ashushwe sasa hivi, hata kama ni usiku na mvua inanyesha. Ya pili ni maji kujaa mapafuni: anahema akiwa ameketi, kikohozi hakikomi, wakati mwingine makohozi yana povu la rangi ya waridi. Huyo pia ashushwe, na oksijeni ikiwapo apewe akiwa njiani. Kushuka mita 300 hadi 1,000 mara nyingi humrudishia mtu fahamu kwa namna ya kushangaza. Kilimanjaro kuna machela za gurudumu moja zilizotengenezwa kwa kazi hii, na kuna huduma ya helikopta, lakini helikopta hairuki kwenye ukungu. Miguu ya wenzako ndiyo uokozi wa kwanza.

Dawa ya acetazolamide, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, husaidia mwili kuzoea mapema. Dozi ya kinga inayotumika sana ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Inaleta mkojo mwingi na ganzi kwenye vidole, na mwenye mzio wa dawa za salfa anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kuigusa. Haifanyi ratiba mbaya iwe nzuri.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vingi vya wageni hulipita juujuu, na kwetu ni kubwa: selimundu. Mwenye ugonjwa wenyewe hapaswi kwenda kwenye mwinuko kama huu. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya na asiyewahi kuugua, anaweza kupata madhara ya bandama akiwa juu, maumivu makali ubavuni kushoto chini ya mbavu. Wabebaji wapo wengi katika nchi yetu na wengi wao hawajui hali yao. Kipimo ni cha damu. Kabla hujalipa kishika uchumba cha safari, kapime, na ukimwona daktari mweleze pia shinikizo la damu, pumu, moyo na ujauzito kama upo.

Mazoezi bado yana kazi yake, kwa ajili ya miguu na mgongo. Anayeishi Dar es Salaam hana mlima wa karibu, ila ana ngazi. Panda ngazi za jengo refu ukiwa na begi lenye chupa za maji, na muhimu zaidi, shuka nazo, maana magoti huumia kwenye kuteremka. Mwisho wa juma nenda misitu ya Pugu na Kazimzumbwi. Ukipata siku mbili, panda Uluguru kutoka Morogoro au tembea Usambara kutoka Lushoto. Wakenya wana Ngong na Longonot, na baadaye Point Lenana ya Mlima Kenya, mita 4,985, ambayo haihitaji kamba. Batian na Nelion, vilele vyenyewe vya mlima huo, ni kazi ya wakwea miamba wenye kamba na mafunzo, asiende mtu kwa kubahatisha.

Maandalizi ninayoyapenda kuliko yote ni Mlima Meru. Upo ndani ya Hifadhi ya Taifa Arusha, una zaidi ya mita 4,560, na unapandwa kwa siku tatu au nne ukilala kwenye vibanda vya Miriakamba, mita 2,500 hivi, na Saddle, mita 3,570. Mnatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Usiku wa kilele cha Meru, wenye ukingo mwembamba na giza, utakuonyesha mwili wako unafanyaje juu ya mita 4,000, glavu zako zinafaa au hazifai, na buti inakubana wapi. Chukua siku ya nne pale pia, na upande Meru Ndogo mchana kabla ya usiku wenyewe.

Kuhusu nguo, hesabu ni rahisi. Joto hupungua kama nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Moshi mjini ipo chini kidogo ya mita 900; kilele kipo mita 5,000 juu yake. Usiku ambao Moshi ni nyuzi 18, kileleni ni karibu nyuzi 14 chini ya sifuri, na upepo bado hujauhesabu. Habari njema ni kwamba nchi hii imejaa nguo za baridi za bei rahisi. Balo za mitumba zinaleta majaketi na suruali za theluji kutoka Ulaya ambazo huku hakuna anayezigombania. Nenda soko la Memorial pale Moshi, au Karume kwa wa Dar, na usome lebo kwa makini. Sufu na poliesta chukua. Pamba acha, hata ikiwa nzito na nzuri kiasi gani: ikilowa jasho haikauki, na kitambaa kilicholowa hukunyonya joto kwa kasi. Jinzi ibaki hotelini.

Vaa tabaka juu ya tabaka: fulana ya kubana ya poliesta, sweta, jaketi nene, na juu kabisa koti lisilopitisha upepo wala mvua. Ukianza kutokwa jasho, vua moja kabla hujalowa. Mikononi vaa glavu nyembamba ndani na nene zisizotenganisha vidole nje. Kofia ya sufu usiku, kofia ya jua na miwani mchana. Ngozi nyeusi haikingi macho. Mng'ao wa jua juu ya mawingu na barafu huunguza mboni ya mtu wa rangi yoyote, na midomo hupasuka ikachuruzika damu.

Buti za mtumba ndizo ninazozihofia. Soli za buti nyingi za mlimani zina tabaka laini la plastiki ambalo huoza lenyewe kwa umri, hata zikiwa zimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje zinang'aa, ukifika Horombo soli inaachia yote. Zikunje kwa nguvu sokoni, bonyeza pembeni kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au unga, rudisha. Zikiwa nzima, mpelekee fundi viatu azishone soli kuzunguka, kisha zivae kazini na kanisani kwa wiki kadhaa. Ziwe kubwa kidogo ili ziingie soksi nene na vidole visigonge mbele wakati wa kuteremka. Kata kucha za miguu siku moja kabla ya kuanza. Ukihisi mahali panapata moto ndani ya kiatu, simama hapohapo ubandike plasta. Ukingoja kambini utakuta lengelenge tayari.

Maji: lita tatu hadi nne kwa siku, kwa funda ndogondogo. Rangi ya mkojo ndiyo itakayokuambia kama unakunywa vya kutosha. Maji ya vijito yachemshwe au yatiwe dawa kama WaterGuard. Kule juu maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100, hivyo yaache yatokote dakika tatu. Usiku wa kilele, weka chupa kichwa chini ndani ya begi, kwa kuwa barafu huanzia juu, na mdomo wa chupa utabaki wazi. Mipira ya kunyonyea maji huganda mapema sana, tumia chupa.

Chakula kitakukataa, nawe usikubali. Wapishi wengi wa mlimani wamezoea matakwa ya wageni, tambi na supu za pakiti, lakini ukisema mapema watakupikia uji wa ulezi, mtori, wali na maharage. Kilicho rahisi kumeza ndicho bora. Chai ya tangawizi nyingi. Pombe kali ya "kupasha mwili" ni hatari: inafungua mishipa ya ngozi na joto linatoka, na usingizini inapunguza kupumua. Mbege ipo Marangu, itawasubiri mkishuka.

Kwa anayelala hemani mara ya kwanza, baridi kubwa hutoka chini kuliko juu. Godoro jembamba lisilopitisha baridi linafaa kuliko blanketi la pili. Mfuko wa kulalia wa kukodi uuangalie zipu na uunuse kabla ya kulipa, Moshi na Arusha inakokodishwa mingi. Badili soksi, vaa kavu, jaza chupa imara maji ya moto uiweke miguuni, kula kitu kabla ya kulala. Ukibanwa na mkojo, nenda. Kuubana usiku kucha kunakunyima usingizi. Betri za tochi na simu zilale nawe ndani ya mfuko, baridi huzimaliza.

Kwenye kambi za Kilimanjaro mahali pa hema panajulikana, lakini wanaopiga kambi wenyewe Usambara, Udzungwa au kwenye mabonde ya Kenya wanatakiwa kuchagua kwa macho mawili. Usilale ndani ya korongo au kwenye mkondo mkavu. Aprili 2012, vijana saba wa kikundi cha kanisa walikufa walipokumbwa na mafuriko ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha. Mvua inaweza kunyesha kilomita nyingi juu yako wakati wewe uko kwenye mchanga mkavu. Tazama pia matawi makavu juu ya hema. Na jiko la mkaa lisiingie hemani kamwe, liwe limebaki majivu au la, wala jiko la gesi. Hewa yake ya sumu haina harufu na aliyelala haamki.

Sehemu ya Kilimanjaro inayowatia watu hofu kwa picha ni Ukuta wa Barranco, mwamba wa mita 250 hivi unaopandwa kwa mikono na miguu asubuhi ya kuondoka kambini. Hauhitaji kamba. Fungia fimbo zako kwenye begi ili mikono iwe huru. Kati ya mikono miwili na miguu miwili, vitatu viwe vimeshika mwamba muda wote, kimoja tu ndicho kinachosogea. Sukuma kwa miguu, mikono iwe ya kujiweka sawa. Wapagazi wakija nyuma na mizigo kichwani, wapishe kwa kusimama upande wa ndani, mgongo kwenye mwamba, wao wapite nje. Wanaujua ukuta huo, na wewe usisukumwe na mzigo. Njia ya Western Breach ni habari nyingine kabisa. Januari 2006 Wamarekani watatu waliuawa huko na mawe yaliyoporomoka, na barafu inayoyashikilia mawe hayo inazidi kupungua. Kwa anayekuja mara ya kwanza, sioni sababu ya kuichagua.

Kisha usiku wenyewe wa kilele. Mtaamshwa kabla ya saa sita, mtavaa kila kitu, mtakunywa chai na kuanza kwenye changarawe iliyoganda. Mwendo ni wa polepole kiasi kwamba mtu wa Kariakoo anaona aibu, na huo ndio mwendo sahihi: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Mapumziko yawe mafupi, dakika chache, maana ukikaa jasho linageuka baridi. Chezesha vidole vya miguu kila mara. Kabla ya kuondoka kambini, kubaliana na kiongozi saa ya kugeuka, tuseme saa mbili asubuhi, popote mtakapokuwa. Mpe mchana mamlaka ya kuwageuza, akili ikiwa timamu, kwa sababu usiku ukiwa mita 5,500 hutakubali kwa hiari. Anayefika Gilman's Point au Stella Point amefika ukingo wa kreta, na hifadhi humpa cheti chake. Uhuru ipo mbele bado, saa moja hadi mbili za kutembea kwenye hewa nyembamba kuliko zote.

Weka akiba ya nguvu kwa kushuka. Kwa njia ya Mweka mtu hutoka kileleni hadi kambi ya mita 3,100 hivi siku ileile, na wengi hujikwaa hapo, miguu ikitetemeka na akili ikiwa imeshafika nyumbani. Fimbo mbili, hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo. Kamba za buti zikazwe upya kwenye kifundo. Taka zako zote shuka nazo; kila karatasi ya biskuti inayobaki Barafu itakaa miaka na miaka, kwa kuwa kwenye baridi ile hakuna kinachooza. Moto wa kuni usiwashe mahali popote. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa la vichaka vya mlimani, na mimea ile hukua taratibu mno.

Msimu nao ufikirie. Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba, ndiyo miezi mikavu. Desemba tunayoipenda kwa ajili ya Uhuru inaangukia vuli. Ukienda wakati huo, koti la mvua na kifuniko cha begi si vya hiari, na siku ya ziada inakuwa na thamani mara mbili, kwa sababu mvua nayo huchukua siku yake.

Linabaki suala la kampuni ya kwenda nayo, maana hifadhi hairuhusu mtu kupanda bila kiongozi mwenye leseni. Bei ya chini kabisa hutoka mahali fulani, na mara nyingi hutoka mgongoni mwa wagumu, jina wanalojiita wapagazi wa mlima huu. Mzigo wa msafara kwa mpagazi mmoja una kikomo cha kilo 20, na mizani ipo getini. Ipigie simu kampuni kabla ya kulipa. Uliza: ratiba ni ya siku ngapi na tunalala wapi kila usiku? Mnabeba oksijeni, na nani anajua kuitumia? Mtu wangu akiumwa usiku, kiongozi yupi anashuka naye na nani anabaki na kundi? Wapagazi wanalipwa shilingi ngapi kwa siku, na wanalipwa lini? Wanakula mara ngapi? Wanalala kwenye hema lao wenyewe, au wanasubiri wageni wamalize kula ili walale kwenye hema la chakula? Anayejibu hayo bila kujiumauma, mpe kazi, na mwambie unataka ile siku ya sita.